Kikalio kwanza, mfuko baadaye: kubadilisha mifuko ya hewa kwenye gari zilizoliwa na kutu, Unguja na Pemba

Mfuko wa hewa uliofungwa juu ya kutu hauishi. Utautoa mpya kwenye boksi lake, utalipa pesa nyingi, na baada ya miezi michache utarudi pale pale: asubuhi gari imelala upande mmoja, kompresa inaunguruma bila kunyamaza. Fundi atasema mfuko ni feki. Mara nyingine ni kweli. Lakini kwa gari za visiwani, kabla hujamshuku muuzaji, angalia huo mfuko ulikuwa umekalia nini, yaani kikalio chake, chuma kinachoupokea.

Nazungumzia mifuko ya mpira ya chini ya gari, ile inayobeba uzito badala ya springi za chuma au kuzisaidia. Utaikuta nyuma kwenye baadhi ya Toyota Prado za toleo la 120, kwenye baadhi ya Coaster, kwenye Harrier zilizotoka kiwandani na mfumo wa hewa, kwenye Range Rover, na kwenye mabasi na malori. Maelezo mengi hapa yanahusu mfuko unaofungwa kwa boliti, wa Coaster na mabasi, kwa sababu hapo ndipo kutu inapofanya ufisadi mkubwa. Tofauti za aina nyingine nitazitaja njiani.

Kutu yetu na chumvi yake

Kutu ya bara na kutu ya hapa si moja. Kusi ikivuma, upande wa Paje, Jambiani na Makunduchi upepo unabeba chumvi ya mawimbi na kuipeleka mpaka uwani. Kuna pikapu zinazobeba magunia ya mwani mbichi, maji yake yakichuruzika juu ya chasisi njia nzima. Kuna za samaki zinazotoka Malindi na barafu iliyoyeyuka. Kuna wanaoteremka na gari ufukweni maji yakitoka, wakaona mchanga mgumu wakadhani ni barabara. Na kuna gari ambayo haijawahi kugusa pwani yetu lakini ilitumika kwenye mikoa ya theluji huko Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi. Hiyo imeshuka bandarini na kutu yake tayari, imefunikwa kwa rangi nyeusi ya kupendezesha.

Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Chuma chenye chumvi hakikauki sawasawa hata siku ya jua kali, na kutu inaendelea kula chini ya rangi bila kuonekana. Halafu kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana breketi (kishikio cha chuma kinachofungiwa mfuko) iliyooza huonekana nene kuliko mpya: imeumuka kama mkate wa kumimina. Bamba la mfuko, sahani yake ya chuma, lililokuwa limelala sawa linasukumwa upande mmoja, stadi (boliti zilizoota kwenye bamba) zinavutwa, mfuko unakaa mshazari. Magamba yanayobanduka huangukia kwenye mkunjo, pale mpira unapojiviringisha juu ya pistoni (kitako kigumu cha chini ya mfuko), na kila gari ikipiga tuta yanasaga mpira kama msasa. Huo mfuko utatoboka chini, kwenye mkunjo, na tundu lake litakuwa na kingo zilizochakaa. Ukiukuta umetoboka hivyo, jibu unalo.

Usiagize kitu kabla hujafungua

Mifuko mingi huagizwa Dar es Salaam ikavushwa kwa boti, na kwa aliyeko Wete au Chake safari ni ndefu zaidi. Wengi huagiza mfuko, wakasubiri, ukafika, gari ikapandishwa jeki siku hiyo hiyo, ndipo breketi inaonekana imekwisha. Hapo mwenye gari anataka gari yake jioni, na neno linalofuata ni, "Sheikhe, kutu hiyo haina neno, piga rangi tufunge."

Pindua utaratibu. Fungua kwanza, kagua, kisha agiza vyote pamoja: mfuko, boliti na nati zake, oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa), fitingi (kiungo cha bomba la hewa) na, ikibidi, breketi. Siku za kusubiri mzigo ndizo siku za kusafisha na kukausha chuma. Kazi hii haifai kufanywa kwa haraka, na hiyo subira tunayo tayari, tuitumie.

Kushusha mfuko wa zamani

Zuia magurudumu kwa magogo. Prado na gari nyingine zinazojipandisha zenyewe zina kitufe cha kuzima mfumo wa kimo. Kizime kabla ya jeki, la sivyo kompyuta itaona kimo cha gari kimebadilika na kuanza kupuliza au kutoa hewa wakati mkono wako umo ndani. Kwenye basi, toa hewa kwenye tangi na utenganishe mkono wa vali ya kimo, ile inayoongeza au kupunguza hewa kufuata kimo cha gari.

Nyanyua, kisha weka stendi chini ya chasisi mahali pagumu, na jeki nyingine ishike ekseli. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na mfuko wa hewa au jeki peke yake. Stendi yenyewe iangalie pia. Stendi za gereji nyingi zimeoza sawa na gari.

Toa hewa polepole kwenye fitingi, miwani machoni. Fitingi za kusukuma: bonyeza pete yake ndani, vuta bomba. Hapo hapo lifunge bomba kwa utepe wa plastiki ili vumbi la kutu lisiingie, kwa sababu likifika kwenye vali utakuwa umejiundia kazi nyingine.

Sasa nati. Zipulize mafuta ya kulegeza kutu jana yake, zirudie asubuhi. Mchanganyiko wa mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, hupenya vizuri sana, ila unawaka kwa urahisi, kwa hivyo usiulete karibu na moto. Nati ikigoma, kumbuka kwamba mfuko wa zamani unatupwa. Huna sababu ya kuihurumia stadi yake. Unachokilinda ni tundu la breketi. Chana nati kwa grinda kwa urefu wake, ubavuni, halafu ipasue kwa patasi. Itafunguka yenyewe na tundu litabaki duara. Kabla ya grinda hakikisha hewa yote imetoka, na funika bomba za breki, nyaya na tangi la mafuta kwa gunia lililoloa. Moto wa gesi sipendi kuutumia hapo. Mpira ukishika unawaka kwa moshi mbaya, na hozi za breki ziko jirani.

Kukagua: nyundo, rula na wanja

Gonga breketi na kikalio cha ekseli kwa nyundo ndogo yenye ncha, kila sehemu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na magamba yanaanguka. Bisibisi ikitumbukia, au ncha ya nyundo ikiacha shimo, hakuna mjadala: sehemu hiyo inabadilishwa.

Pima unene kwa kalipa mahali palipoliwa, ulinganishe na mahali pazima pa breketi hiyo hiyo, kwa mfano pembeni pasipofikiwa na maji. Magamba yaondoe kwanza, maana kalipa itapima kutu na kukupa moyo bure.

Kisha usawa. Simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya kikalio, mwanga nyuma yake, uizungushe pande zote. Mwanga ukipita katikati, pamebonyea. Rula ikicheza kama mizani, pameinuka. Njia nzuri zaidi ni ya wanja. Paka wanja kidogo sana, tabaka jembamba, kwenye uso wa chini wa bamba la chuma, bila kugusa mpira. Liweke mahali pake, lisukume kulia na kushoto kidogo, kisha linyanyue. Weusi utakuwa umehamia pale tu chuma kilipogusana. Ukiona madoa matatu yamekusanyika upande mmoja na kwengine kote kweupe, bamba hilo lingekaa juu ya madoa hayo matatu, na likikazwa lingepinda. Unataka weusi ulioenea pande zote, hata kama una mapengo madogo madogo. Rudia kipimo hiki kila baada ya kusafisha. Kinasema kweli kuliko jicho.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakiona kutu wanachukua grinda na brashi ya waya, wanapiga mpaka chuma king'ae, wanapaka rangi. Brashi ya grinda inang'arisha juu na kuisukuma chumvi ndani ya vishimo. Rangi inakuja juu yake. Masika yakipita, malengelenge.

Anza na maji. Kwangua magamba makubwa kwa patasi na nyundo, kisha osha kwa maji baridi matamu, sabuni na brashi ngumu, kwa muda, suuza kwa maji mengi. Maji matamu nasisitiza. Visima vingi vya vijiji vya pwani vina chumvi. Sabuni isipotoa povu vizuri, maji hayo yaache. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora kuliko yote.

Acha pakauke, ndipo upige brashi ya waya ya mkono na msasa mkubwa mpaka ndani ya vishimo. Sehemu nyembamba kati ya breketi na chasisi tumia waya au kipande cha msumeno. Osha tena. Kausha kwa hewa ya kompresa, kisha iache gari chini ya banda usiku mzima.

Asubuhi ndiyo hukumu. Chuma kitupu katika hewa yetu kitapata wekundu mwepesi uliotandaa, huo si tatizo, unafutika kwa msasa. Unachotafuta ni madoa meusi au ya kahawia yaliyoloa, kama yanatoa jasho, yakitokea kwenye vishimo. Hiyo ni chumvi, imevuta unyevu wa usiku. Rudi kwenye maji. Gari ya mwani inaweza kukurudisha zaidi ya mara moja, na hakuna njia ya mkato.

Dawa ya kutu inayofaa ni ile yenye asidi ya fosforiki, inayogeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi gumu. Ni nzuri kwa vishimo visivyofikika. Inafanya kazi juu ya kutu nyembamba tu. Ukiipaka juu ya magamba umepaka magamba. Ukishaitumia, usipake juu yake rangi ya zinki, kwa sababu zinki inahitaji kugusana na chuma kitupu ili ikilinde. Chagua moja: dawa ya kutu halafu epoksi, au chuma kitupu halafu zinki. Na boliti zenye alama 10.9 kichwani au zaidi usizitumbukize kwenye asidi, hata siki au ndimu. Chuma kigumu cha namna hiyo kinaweza kuwa dhaifu ndani na kukatika ghafla. Boliti mpya ni rahisi kuliko hasara hiyo.

Vishimo, mabandiko, na breketi mpya

Kuna mambo mawili ambayo ningeyapiga marufuku gerejini kama ningekuwa na mamlaka. La kwanza ni kujaza kikalio kwa puti ya bodi. Puti ni ya kulainisha mlango. Ikibebeshwa nusu ya ekseli inapasuka, inasagika, na nati zinabaki zimelegea. La pili ni kukata kipande cha tairi au tyubu ya lori na kukiweka chini ya bamba ili "kisawazishe". Kinashika maji ya chumvi kama sponji, na kwa kuwa kinabonyea, boliti hazikazi kamwe.

Vishimo vichache vyembamba, huku chuma kilichovizunguka ni kizima na wanja umeenea, havina haja ya kujazwa. Safisha na upake rangi. Vikiwa vingi kidogo nakubali epoksi ya chuma, ile ya sehemu mbili inayokuwa ngumu kama jiwe, kwa sharti kwamba mzigo unabebwa na chuma na epoksi inaziba nafasi tu. Isawazishe kwa tupa ikishakauka.

Kama pamekwisha, badilisha breketi. Ikiwa imefungwa kwa boliti, itoe, ipeleke kwa mchomeleaji na ya upande wa pili kama kielelezo. Bamba liwe na unene ule ule wa asili, matundu yatobolewe kwa drili, yasichomwe kwa gesi. Kuweka bamba jipya juu ya bovu sikushauri: unabadilisha kimo cha mfuko, na katikati umejenga tangi la maji ya chumvi. Kama breketi imechomelewa kwenye chasisi, wakati wa kuchomelea mpya mfuko usiwepo karibu, tenganisha waya hasi wa betri, na chomoa kompyuta ya mfumo wa hewa kama ipo. Klipu ya ardhi ya mashine ifungwe karibu kabisa na pale panapochomelewa, umeme usije ukapita kwenye beringi za magurudumu.

Rangi

Tabaka mbili nyembamba za epoksi, kama ile wanayotumia wanaounda boti za faiba. Red oksaidi ya mageti ni nafuu, ila kwa gari inayolala pwani haidumu. Kwenye uso unaogusana na bamba paka moja tu, nyembamba: rangi nene hubonyea taratibu baada ya kukazwa, na nati hulegea bila mtu kuigusa. Paka mchana kati, chuma kikiwa kimepata joto. Kanuni ya wapakaji ni joto la chuma kuzidi kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutokea) kwa nyuzi 3 au zaidi; kwa mtu asiye na kipimo, usipake alfajiri wala baada ya magharibi. Ikauke muda wote ulioandikwa kwenye kopo. Wakati wa masika ongeza.

Aina zisizo na boliti

Kwenye Prado mfuko wa nyuma hushikwa juu kwa klipu, chini unakaa kwenye kikalio cha ekseli, mahali panapokusanya mchanga na tope. Futa mpaka chini kabisa, na kama kuna tundu la kutolea maji, lizibue. Juu, pale bomba linapoingia, panategemea oringi. Sehemu ya oringi isiguswe na grinda. Tumia msasa laini, namba 400 na kisha 600, ukizungusha kufuata duara. Mkwaruzo unaokatiza duara ni njia ya hewa kutoka.

Kwenye baadhi ya Range Rover na Harrier, mfuko na shokapu ni kitu kimoja, na taabu huwa boliti ya chini iliyoganda ndani ya bushi. Mara nyingi hukatwa pande mbili kwa msumeno na bushi kubadilishwa. Iwekee hesabu mapema.

Pistoni ya alumini juu ya chuma huliwa haraka chumvi ikiingia kati. Vyote viwili vipakwe rangi. Na boliti za stenlesi za maboti, ambazo hapa zinapendwa sana: hazipati kutu, kweli, lakini zenye alama A2-70 ni dhaifu kuliko boliti za chuma zenye alama 8.8. Rudisha daraja lile lile la kiwandani.

Kufunga mfuko mpya

Futa kila kitu. Grisi ya kawaida, dizeli na mafuta ya taa hula mpira. Kama oringi inahitaji utelezi, tumia grisi ya silikoni au maji ya sabuni. Kata ncha ya bomba iliyokwaruzika kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Utepe mweupe wa mafundi bomba ni wa nyuzi zinazopungua upana, si wa fitingi ya kusukuma.

Anza nati zote kwa vidole. Mfuko usijipinde, alama au mshono wa mpira uwe umenyooka juu mpaka chini. Kisha kaza kwa spana ya kipimo kwa namba ya mtengenezaji. Namba hizo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: stadi ya nusu inchi kwenye mifuko mingi hukazwa karibu Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 40. Fundi akiongeza bomba kwenye mkono wa spana ataing'oa stadi kwenye bamba, na mfuko umekwisha kabla haujafanya kazi.

Sasa hewa. Usiijaze mifuko huku ekseli inaning'inia, na usiishushe gari juu ya mifuko mitupu. La kwanza linaweza kuirarua, la pili linaubana mpira kwenye mkunjo. Ekseli ishikwe na jeki kwenye kimo chake cha kawaida, tia hewa kidogo tu hadi mfuko upate umbo, tazama mpira umejiviringisha sawa juu ya pistoni, ndipo ushushe polepole huku ukiongeza.

Ukishasimama kwenye kimo chake, pitisha mkono kuuzunguka: uwe na nafasi ya karibu sentimita 2.5 kila upande, mbali na bomba la moshi, hozi na ncha za boliti. Paka maji ya sabuni kwenye fitingi na kingo za bamba. Pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote mbili, andika, ulaze gari usiku kucha, upime tena.

Mwisho, kingo za nje za kiungo zipakwe nta ya chasisi ili maji yasiingie. Baada ya wiki ya matumizi rudia spana ya kipimo kwenye nati zote. Gari ya mwani, ya samaki au ya kuvuka na feri ioshwe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo, bila kungoja Ijumaa, na bomba la maji lielekezwe kwenye mkunjo wa mfuko mpaka mchanga uache kutoka.